Tulisema Amekwisha

Iko desturi moja miongoni mwetu sisi wapenzi wa michezo, hasa tuishio mijini, ya kumpima mwanamichezo kwa tokeo lake la mwisho. Akishinda Jumamosi, Jumapili tunamwita shujaa. Akishindwa Jumapili, Jumatatu ndani ya basi la kwendea kazini tunaulizana anangoja nini kustaafu. Neno letu la kufungia mjadala ni moja tu: "Amekwisha." Nami nimelitumia neno hilo mara nyingi, kwa mdomo na kwa kalamu, wala sikupata kulitafakari hata Septemba 2025, niliposafiri na mke wangu na watoto wetu kwenda kwao Kansay.

Kansay ni kata ya Wilaya ya Karatu. Wenyeji wake walio wengi ni Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe. Tulifika wakati wa kiangazi, vumbi jekundu limetanda juu ya majani ya miti, mahindi yamekwisha kuingizwa ghalani na watu wanapura mbaazi. Zamani Karatu yote ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na mtu akisema kuwa nyanda hizi ndizo zilizolea mbio ndefu za nchi yetu hatii chumvi. John Stephen Akhwari ni mzaliwa wa Mbulu. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu. Kwa hiyo usishangae, ndugu msomaji, nikikuambia kuwa mzee wa huko aliyekaa juu ya gunia la mbaazi aweza kukutajia muda wa mkimbiaji hata sekunde zake, kama vile wewe uwezavyo kutaja mabao ya timu yako.

Jumapili ile ya tarehe 14 Septemba, baada ya ibada, baba mkwe alinichukua twende tukanywe chai katika hoteli ndogo ya mama mmoja kando ya barabara. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 20, alifuatana nasi. Mle ndani tulimkuta mwalimu mmoja mstaafu, dereva wa trekta, mnunuzi wa mbaazi, na vijana wawili waendeshao pikipiki za abiria. Chai ya maziwa ilikuwa moto, maandazi yalikuwa makubwa, na mazungumzo yalikuwa ya jambo moja tu. Usiku ule, huko Tokyo, wanaume wangekimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na miongoni mwao alikuwamo Alphonce Felix Simbu, mtoto wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi.

Dereva wa trekta hakumkubali Simbu sana. Yeye alikuwa mtu wa Gabriel Geay. "Mtu aliyekimbia Valencia kwa saa 2 na dakika 3 kamili, Desemba 2022," alisema akigonga meza, "na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston, Kipchoge mwenyewe akiwa nyuma yake katika nafasi ya 6! Huyo ndiye mwenye kasi. Simbu hana kasi."

"Hana kasi, ana subira," alijibu mnunuzi wa mbaazi. "Marathoni haishindwi na mwenye kasi bali na anayebaki na kitu mfukoni wenzake wanapokuwa wamekwisha kutumia chote."

"Subira haina saa," alisema dereva. "Saa ndiyo inayosema."

Mwalimu mstaafu hakusema neno. Alitoa mfukoni mwa koti lake daftari la shule, jalada lake limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, akaliweka mezani. Nilikuja kufahamu kuwa ndani ya madaftari kama hayo aliandika matokeo ya wakimbiaji wetu tangu alipokuwa mwanafunzi, siku alipoisikia redio ikitangaza kuwa tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Kila ukurasa ulikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, mahali, nafasi, muda, na maelezo.

Baadaye wote wakanigeukia mimi. Mtu atokaye Dar es Salaam, tena mwandishi wa habari, hudhaniwa kuwa anajua. Nami, badala ya kukiri kuwa riadha huiandika pale tu kunapokuwa na medali, nilijikohoza, nikanyosha vidole, nikaanza kuhesabu. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Simbu alikuwa wa 5. London mwaka 2017, katika Mashindano ya Dunia, alikuwa wa 3, akapata medali ya shaba. Katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa 7. Paris mwaka 2024 alikuwa wa 17. "Tano, tatu, saba, kumi na saba," nilisema. "Ndugu zangu, hesabu hiyo inajieleza yenyewe. Na sasa ana umri wa miaka 33."

"Umeruka Birmingham, ndugu mwandishi," alisema mwalimu kwa upole bila kulifungua daftari. "Mwaka 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Medali ya fedha. Tena umeruka Boston ya Aprili mwaka huu. Nafasi ya pili, saa 2, dakika 5 na sekunde 4."

Watu wakacheka. Nami, kama mtu aliyeteleza mbele ya wageni, nikazidi kukaza. Nilisema kuwa Boston ni mbio za mji, si Mashindano ya Dunia. Kwamba joto la Tokyo halitamwonea huruma. Kwamba mpanda ngazi hushuka. Nikamaliza kwa lile neno letu. "Mpeni heshima zake, lakini tusijidanganye. Amekwisha."

Mmoja wa wale vijana wa pikipiki akapiga makofi. "Amekwisha kama huyu wetu!" alisema, akimwonyesha shemeji yangu kwa kidevu.

Hoteli nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Yafaa nieleze kicheko kile kilitoka wapi. Shemeji yangu ni mkimbiaji. Mwaka 2024 alikuwa wa pili katika mbio za kilometa 10 za vijana katika mji mmoja wa mkoa, naye alikimbia na viatu vya mpira vilivyokuwa vimetoboka. Nilipopata habari nilifurahi sana. Nikaenda mnadani Dar es Salaam, nikamchagulia viatu vya kukimbilia vya mitumba, vizuri, vyenye soli nzima, nikavituma kwa basi. Watu wa kijijini nao hawakukaa nyuma. Mwaka huu, mbio zilipokaribia, walimchangia nauli na fedha ya chakula. Julai akaenda. Akawa wa 31.

Tangu siku hiyo kila aliyetoa shilingi yake alijiona ana haki ya kutoa na hukumu. Wengine walisema amelewa sifa. Wengine walisema ni wanawake. Na mimi, niliyekuwa umbali wa siku nzima ya safari, nilimwambia mke wangu tukiwa mezani, "Viatu vile nimevitupa bure. Kiwango cha ndugu yako kimeshuka." Niliyasema hayo huku natafuta chumvi.

Kicheko kilipopoa, baba mkwe, ambaye muda wote alikuwa akiuzungusha mkongojo wake kati ya magoti, aliniuliza swali. "Mkwe, uliposema kuwa yule bwana amekwisha, ulikuwa umemwuliza nani?"

Nikasema kuwa sikumwuliza mtu, ila matokeo yanaonekana.

"Matokeo tuliyaona hata sisi," alisema. "Mwaka 1976 mimi nilikuwa kijana mwenye ng'ombe wangu wawili. Tulingoja Olimpiki ya Montreal kama watu wangojao mvua. Tulijua Bayi atakutana tena na John Walker wa New Zealand, yule aliyemwacha Christchurch. Bayi ndiye aliyeshika pia rekodi ya maili moja, aliyoiweka Jamaika Mei 1975, hata Walker akaja kuivunja mwaka uo huo. Basi Afrika ikasusa michezo, kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Kususa kule kulikuwa haki, wala sijuti. Lakini Walker alikimbia, akapata dhahabu, na huyu wetu hakukimbia. Halafu tukasikia kuwa siku zile malaria ilikuwa imemshika vibaya. Je, aliyekaa redioni na kusema kuwa Bayi kashuka angesema kweli?"

"Moscow, 1980," alisema mwalimu, safari hii akilifungua daftari. "Si mita 1,500 tena. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Medali ya fedha, dakika 8, sekunde 12 na nukta 5." Akanigeuzia ukurasa nione. Chini yake palikuwa na jina la Suleiman Nyambui, medali ya fedha ya mita 5,000, Moscow hiyo hiyo. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo nchi yetu imepata katika Olimpiki zote hadi ile ya Paris.

Mwalimu akazidi kufunua kurasa, akarudi nyuma zaidi, kwenye maandishi aliyoyanakili kutoka kwa kaka yake. "Na huyu watu wanamjua kwa kuanguka tu," alisema. Alikuwa ameweka kidole juu ya jina la Akhwari. Kila mtu anajua habari za Mexico mwaka 1968: jinsi Akhwari alivyoanguka na kuumia goti, jinsi alivyoingia uwanjani amefungwa bendeji, jua limekwisha kuzama, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na jinsi alivyosema kuwa nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kwenda kuzimaliza. Lakini mstari wa chini yake ulikuwa mgeni kwangu. Edinburgh, 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, nafasi ya 5, saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mtu tuliyemtia katika vitabu kama wa mwisho, miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa watano bora wa Jumuiya ya Madola, na ni wachache kati yetu tunaolikumbuka hilo.

Tulirudi nyumbani giza limeingia. Shemeji yangu alitangulia na tochi bila kusema neno. Tulipofika uani aliingia chumbani kwake, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili. Sikuhitaji kukifungua. Viatu vilikuwa vimefuliwa hata kamba zake.

"Shemeji, rudi navyo mjini," alisema. "Mpe mwingine atakayevitumia. Mimi Jumanne nakwenda Mang'ola kwenye vitunguu. Nimepata kibarua."

"Kwa nini unavirudisha?"

"Dada aliniambia ulivyosema. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani nitaongeza bidii."

Sikuwa na la kujibu. Mtu mzima hushikwa na haya kwa namna mbalimbali, lakini sijui haya izidiyo ile ya kupewa zawadi yako mwenyewe iliyosafishwa. Nilimwomba aketi. Nikamwambia kuwa mwenzangu mmoja wa zamu katika chumba cha habari ameahidi kunitumia ujumbe kwa simu wakati wa mbio za Tokyo, na kwamba kwa kuwa sikujua mahali ambapo mtandao unashika, nilihitaji msaada wake. Hiyo ilikuwa kweli, ingawa si kweli yote.

Mtandao nyumbani kwao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Huko Tokyo mbio zilipangwa kuanza saa 1:30 asubuhi, ndiyo saa 7:30 ya usiku kwetu. Tulijifunika mablanketi, maana usiku wa huko si usiku wa Dar es Salaam, tukakaa juu ya kichuguu kama walinzi wa shamba, ng'ombe wakipumua nyuma yetu. Ujumbe wa kwanza ulisema wameanza. Uliofuata ulisema ni joto, wengine wameanza kuachia, Simbu yumo kundini. Kisha kimya kirefu.

Katika kimya kile ndipo nilipomwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza Julai. "Siku ile ya mbio zako, ilikuwaje?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Wiki ile mama alikuwa amelazwa. Usiku nililala hospitali, sakafuni, chini ya kitanda chake. Asubuhi dada mkubwa akija kunipokea nilirudi kupakia mahindi, kwa kuwa baba hawezi tena kuinua gunia. Ijumaa usiku nikapanda lori la mahindi. Nilifika mjini alfajiri. Saa moja tukaanza kukimbia."

"Ulikula nini?"

"Chai."

"Na ile fedha ya chakula waliyokuchangia?"

"Mama aliandikiwa dawa."

Ndugu msomaji, habari za ugonjwa wa mama mkwe nilikuwa nazo. Julai ile ile tulituma fedha kutoka Dar es Salaam, nami ndiye niliyekwenda kuzituma. Habari za nafasi ya 31 nilikuwa nazo pia. Habari hizo mbili zilinifikia katika wiki moja, zikakaa kichwani mwangu kila moja mahali pake, na mimi ambaye kazi yangu ni kuunganisha habari sikuziunganisha. Nilijua kila kitu isipokuwa maana yake.

"Mbona hukumwambia mtu?" niliuliza.

"Nani aliniuliza?"

Nikamwambia nimekosa, na kwamba namwomba anisamehe. Hakujibu, ila alisogea akanipa sehemu kubwa zaidi ya blanketi.

Ilikaribia saa kumi kasorobo simu ilipolia. Wameingia uwanjani wakiwa watatu wanaogombea medali: Iliass Aouani wa Italia, Amanal Petros wa Ujerumani, na Simbu. Ujumbe mwingine: Petros anaongoza. Shemeji yangu akasimama juu ya kichuguu. Halafu: wamegusa pamoja, Petros ameanguka mstarini, haijulikani, wanatazama picha. Sijapata kuona dakika ndefu kama ile. Hatimaye simu ikaleta maneno mawili tu: "Simbu. Dhahabu."

Kijana yule hakupiga kelele. Alishusha pumzi, akaketi taratibu, akasema, "Kwa kiasi gani?"

Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 kati ya sehemu 100 za sekunde moja. Kwa mwendo ule wa mwisho hiyo si zaidi ya shubiri moja ya mkono wa mtu, baada ya kilometa 42 na mita 195. Hiyo ndiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Na nilikumbuka kuwa London mwaka 2017 Simbu huyo huyo aliikosa medali ya fedha kwa sekunde 2 tu, Tamirat Tola wa Ethiopia akiwa mbele yake. Miaka minane alitembea na sekunde hizo mbili. Katikati yake kulikuwa na Sapporo, na Birmingham, na Paris ya nafasi ya 17, na watu kama mimi.

"Lakini kama Petros asingeanguka?" niliuliza, kwa kuwa mpenzi wa michezo haachi.

"Alianguka kwa sababu alitoa yote," alisema shemeji yangu. "Mtu wa namna hiyo hajashindwa. Huyo kapitwa." Kisha akaanza kunieleza, kwa mikono yake gizani, jinsi mkimbiaji anavyohifadhi nguvu za mita 100 za mwisho, jinsi anayeongoza asivyomwona wa nyuma yake ila husikia pumzi tu, jinsi miguu inavyokuwa mizito kama imefungwa magunia, na bado lazima kifua kitangulie. Alizungumza hata jogoo wakaanza kuwika. Nilitambua kuwa katika hoteli ile, kati yetu sote tuliokuwa tukihukumu, alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua mambo tuliyokuwa tukiyasema, na ndiye tuliyemcheka.

Asubuhi ya Jumatatu hoteli ilijaa. Dereva wa trekta alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Simbu tangu utoto wake, na aliapa hivyo mbele ya mashahidi. Mimi nilinunua chai ya watu wote, faini niliyojitoza mwenyewe kabla hawajanitoza. Mwalimu akafungua daftari, akanipa kalamu. "Andika wewe mwandishi," alisema. Nikaandika: 15 Septemba 2025, Tokyo, nafasi ya 1, saa 2:09:48.

Nilipokuwa nikirudisha kurasa niliona kuwa mwalimu hakuwaandika wakubwa peke yao. Palikuwa na kurasa za vijana wa Kansay, na mbio zao za shule na za mkoa. Katika mojawapo nikaliona jina la shemeji yangu. Mwaka 2024, nafasi ya 2. Julai 2025, nafasi ya 31. Safu ya mwisho, ile ya maelezo, ilikuwa tupu. Nikamwomba mwalimu ruhusa. Kisha, kwa mwandiko mdogo ili yatoshe, nikaandika: "Mama yake alikuwa amelazwa. Alilala sakafuni hospitali, alipakia mahindi, alisafiri usiku kwa lori, alikimbia kwa chai." Mwalimu alisoma, akampa dereva wa trekta, naye akampa yule kijana wa pikipiki. Kijana yule alisoma mara mbili, akavua kofia yake, akatoka nje. Baadaye nilimwona amesimama na shemeji yangu kando ya pikipiki yake, wanazungumza.

Sisemi kwamba wapenzi wa michezo tunyamaze. Mchezo usio na watu wa kubishania ni mchezo uliokufa, na mkimbiaji anayevaa rangi za taifa hana budi kukubali kuulizwa. Wala sisemi kuwa kila anayeshindwa ana mama mgonjwa; wako wavivu, na wako wenye kulewa sifa. Ninalosema ni kwamba kuuliza hutangulia kuhukumu. Kiwango cha mwanariadha hakikai miguuni peke yake. Kimo katika chakula alichokula, usingizi alioupata, homa aliyoificha, na kazi za nyumbani ambazo hakuna aliyejitolea kumpokea. Wazazi wenye watoto wanaokimbia, wanaocheza mpira, au wanaofanya mitihani, wanajua nisemalo. Mtoto huleta nyumbani namba moja, na sisi huipokea namba ile kana kwamba ndiyo habari yote, kumbe maelezo yake yako katika safu ambayo hatujaijaza.

Jumanne lori la kwenda Mang'ola lilipita mapema, kabla ya chai. Mama mkwe, ambaye amepona ingawa bado anatembea kwa kushika ukuta, alimfungia mwanawe viazi vya kuchemsha. Mimi nilileta kile kifurushi, nikakiweka mikononi mwake, nikasema ni chake, akimbie asikimbie. Hakukataa, wala hakuahidi. Alilifungua lile gazeti, akalikunja vizuri, akanirudishia. Viatu akavifunga pamoja kwa kamba zao na kuvining'iniza begani. Lori likaondoka. Vumbi lilipotulia baba mkwe alikuwa bado amesimama kando ya barabara, akaniambia kuwa kutoka kambi ya vitunguu hadi ziwani Eyasi ni njia tambarare, nzuri sana kwa mtu mwenye nafasi asubuhi.